Unyevu unapanda ukutani kila msimu wa mvua: je, plasta ya simenti au taili itauzuia?

*"Mhandisi, nyumba ya mama yetu iko Busia, upande wa Uganda, si mbali na kinamasi. Ni ya matofali ya kuchoma, ilijengwa 1998, na kwa miaka mingi haikutusumbua. Baadaye tulijaza marami, ule udongo wa changarawe, uani ili tope lipungue, tukazungusha baraza ya simenti. Tangu hapo kuta zinalowa kutoka chini. Mwanzo unyevu ulifika magotini. Fundi akabandua plasta, akapiga nyingine ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji, kisha akapaka rangi ya mafuta hadi kiunoni. Tukapumua kama mwaka. Sasa unyevu umetokea juu ya ile rangi ya mafuta, usawa wa kifua, rangi inavimba na unga mweupe unaanguka sakafuni. Chumba cha mama ndicho kibaya zaidi, na mama anakohoa. Fundi wa pili anasema tupige taili hadi madirishani. Wa tatu anasema ardhi ya hapa ina magadi, tubomoe. Desemba tuna harusi nyumbani na pesa si nyingi. Maji yanapandaje wakati kawaida huteremka? Na tuanzie wapi?"*

Poleni sana, na mfikishieni mama pole zangu. Kabla ya maelezo marefu: msibomoe, na pesa ya taili msiitoe mfukoni. Kwa jinsi ulivyoeleza, maji yamepewa njia mpya ya kuingia chini, halafu njia yao ya kutokea ikazibwa. Mambo hayo mawili yanarekebishika, na sehemu kubwa ya kazi ni ya jembe na patasi.

Nianze na swali lako la maji kupanda, kwa sababu ukilielewa hilo, hakuna fundi atakayekuuzia dawa isiyofaa.

Maji huteremka pale yanapokuwa mengi na wazi: mtoni, mtaroni, kwenye bomba. Yakiingia kwenye kitundu chembamba sana, mambo hubadilika. Tofali la kuchoma ni gumu mkononi, lakini ndani limejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na vingi vimeungana toka upande mmoja hadi mwingine. Udongo uliochomwa unapenda maji: molekuli za maji hushikamana na kuta za kinyweleo kwa nguvu kuliko zinavyoshikana zenyewe. Hivyo pembeni maji hukwea, uso wake unapinda na kubonyea katikati, na mpindo huo unayavuta yaliyo chini yafuate. Kupanda kunakoma pale uzito wa maji yaliyokwisha panda unapolingana na mvuto huo.

Mwingereza James Jurin alieleza kanuni yake mwaka 1718: kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba, ndivyo maji yanavyopanda zaidi. Kitundu chenye nusu kipenyo cha milimita 1 hupandisha maji sentimita 1.5 tu. Kikiwa cha milimita 0.1, ni sentimita 15. Kikiwa cha milimita 0.01, ni mita 1.5, yaani karibu shingoni kwa mtu mzima. Na tofali lina vinyweleo vingi vyembamba kuliko hivyo. Kwa hesabu ya karatasi maji yangefika kwenye mabati na kupita.

Mbona basi hayafiki? Kwa sababu njiani yanakauka. Fikiria utambi wa koroboi: mafuta yanapanda, moto unayala, na yanayopanda ni kiasi kile tu kinacholiwa. Ukutani, kazi ya moto inafanywa na hewa. Kila siku maji fulani yanaingia kutoka ardhini na kiasi kilekile kinatoka kwenye uso wa ukuta kama mvuke. Pale viwili hivyo vinapolingana ndipo unapoona ule mstari wa unyevu. Mstari huo haukupimwa na wembamba wa vinyweleo peke yake. Umepimwa na jinsi maji yanavyoingia chini na jinsi yanavyopata nafasi ya kukauka juu.

Sasa itazame nyumba ya mama kwa jicho hilo. Fundi wa kwanza alikuta ukuta unalowa hadi magotini, maana yake sehemu hiyo ya uso ilitosha kukausha maji yote yanayoingia. Akaifunika kwa plasta nzito ya simenti yenye dawa, akaongeza rangi ya mafuta juu yake. Maji yanayoingia hayakupungua hata tone. Yaliyopungua ni yanayotoka. Maji yakaendelea kupanda nyuma ya plasta yakitafuta uso ulio wazi, na uso wa kwanza ulio wazi ulikuwa juu ya mpaka wa rangi. Huo mwaka mmoja mliopumua ulikuwa muda wa safari tu. Taili zitafanya vilevile, ila kwa gharama kubwa zaidi: mtaona kuta safi kwa muda, halafu unyevu utatokea juu ya taili, kwenye madirisha, na mbao za fremu zitaanza kuoza.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, chukua tofali kuukuu lililobaki uani, likauke juani siku kadhaa, kisha lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili. Weka alama ya penseli pale weusi wa maji unapofika. Mwanzo utakwenda haraka, kisha utapunguza mwendo. Ikiwa umepanda sentimita 4 kwa saa moja, usitegemee 8 kwa saa mbili. Zitachukua kama saa nne, kwa sababu maji yanasafiri umbali mrefu zaidi ndani ya vinyweleo vilevile vyembamba. Ukiwa na mizani, lipime pia tofali kavu, kisha lipime baada ya kulizamisha usiku na mchana. Tofali la kilo 3 likitoka na kilo 3.6 limekunywa asilimia 20 ya uzito wake. Matofali ya namna hiyo si ya kutupa, lakini hayavumilii kuguswa na udongo uliolowa.

Kuna jambo kuhusu simenti ambalo wengi hawalijui. Nayo ina vinyweleo, tena vidogo mno. Vingine vina upana wa nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli ya maji ina upana wa kama nanomita 0.3. Katika kinyweleo cha nanomita 3, basi, hupangika molekuli kama kumi tu kutoka ukuta hadi ukuta. Maji yaliyobanwa hivyo hayafanani na yale ya kwenye glasi. Tabaka moja au mbili zilizogusa ukuta zimeshikwa barabara. Kwenye kinyweleo cha nanomita 4 maji hubaki bila kuganda hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwaka 2018 watafiti wakiwa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba tabaka jembamba sana la maji hupoteza karibu uwezo wote wa kuitikia umeme, uwezo ambao maji ya kawaida yanao kwa wingi. Tena vinyweleo hivi vidogo huvuna maji kutoka hewani bila mvua kunyesha: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 90, mvuke hugeuka maji ndani ya vitundu vyenye nusu kipenyo cha nanomita 10, ingawa nje hakuna umande wowote.

Haya yanahusiana moja kwa moja na mfuko wenu. Ukuta mkavu kabisa, usio na maji hata kidogo, haupo, na sehemu kama Busia yenye ziwa na vinamasi jirani hautapatikana kamwe. Kwa hiyo akija mtu na kile kipimo chenye sindano mbili, akakichomeka ukutani kikalia, halafu akataka mamilioni ya shilingi kwa sababu "kimesoma juu", mwambie asubiri. Vipimo vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na chumvi ukutani huvifanya visome juu kuliko hali halisi.

Hapo tumefika kwenye unga mweupe. Fundi wa tatu ana ukweli kidogo: ni chumvi. Hakikisha kwanza si kuvu, kwa kudondoshea maji kidogo: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Lakini ardhi kuwa na chumvi si sababu ya kubomoa. Chumvi hutoka kwenye udongo, kwenye matofali yenyewe, hata kwenye simenti, na penye zizi au choo cha shimo cha zamani karibu na ukuta hutoka nyingi aina ya naitreti. Maji huzibeba zikiwa zimeyeyuka. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Zikibaki juu ya uso zinafagiliwa na habari inaisha. Shida huja pale uso ulipozibwa, maji yakakaukia ndani kidogo, nyuma ya rangi. Fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo vilivyobana, zinasukuma, na nguvu yao hupasua plasta na hata uso wa tofali. Ndiyo maana rangi yenu inavimba kabla ya kumenyeka.

Na chumvi ikishajaa ukutani inakuwa na tabia yake yenyewe. Chumvi ya mezani huanza kujiyeyusha kwa maji ya hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Naitreti ya kalisi huanza kwenye asilimia 50 hivi. Hivyo hata mkizuia maji ya ardhini yote, plasta ya zamani iliyojaa chumvi itaendelea kulowa kila msimu wa mvua. Lazima itoke.

Sasa njia ya kuingilia. Umesema nyumba ilikaa vizuri tangu 1998, na shida ilianza baada ya marami na baraza. Nadhani hapo ndipo ilipo. Nyumba iliyojengwa vizuri huwa na ile tabaka nyeusi juu ya msingi, mafundi wanaiita DPC, na pasipo na uwezo fundi alitandika hata kavera nene, yaani nailoni. Kazi yake ni kukata njia ya vinyweleo. Inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya udongo wa nje. Mkijaza marami hadi juu yake, au mkiunganisha baraza na ukuta juu yake, au plasta ya nje ikishuka mpaka ardhini, maji yanaizunguka tu. DPC inaweza kuwa nzima kabisa na isisaidie kitu.

Kwa hiyo anzeni hivi. Chimbeni kishimo nje, kwenye kona ya chumba cha mama, karibu kabisa na ukuta, na mtafute mstari mweusi kwenye maungio ya matofali juu ya msingi. Mkiupata chini ya usawa wa marami au baraza, mmeshapata chanzo kikubwa. Kabla ya kushangilia, fungeni koki zote za maji za ndani usiku na mtazame mita ya maji: ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja, na unyevu wa bomba huweza kujifanya wa ardhini. Angalieni pia umbo. Unyevu wa ardhini una mstari wa usawa, wenye alama ya rangi ya chai juu yake, na hupungua kiangazi. Doa la mviringo juu ya ukuta, au linalolowa baada ya kila mvua na kukauka, ni la bati au la mvua inayorukia ukutani. Kuna kipimo kingine rahisi: bandika kipande cha kavera angavu ukutani kwa utepe pande zote, subiri siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, hewa ya ndani ndiyo yenye maji mengi. Yakiwa nyuma ya kavera, yanatoka ukutani. Yakiwa pande zote mbili, kama yatakavyokuwa huenda kwenu, mna kazi mbili.

Kazi yenyewe. Ondoeni marami kuzunguka nyumba mpaka usawa wa sentimita 15 chini ya DPC, na mteremko uelekee nje. Baraza ikatwe upana wa mkono kutoka ukutani, ule mwanya uchimbwe na ujazwe kokoto safi, na chini yake uwe na njia ya kutoa maji. Wekeni gata na mtaro unaopeleka maji ya paa mbali. Hii ni kazi ya vijana wawili watatu na fundi mmoja, na nina imani nayo kuliko dawa yoyote ya dukani. Plasta ya nje ikatwe isiguse ardhi.

Ndani, bandueni ile plasta ya simenti hadi nusu mita juu ya mahali unyevu ulipofika. Matofali yapigwe brashi kavu, chumvi ifagiliwe na kutupwa mbali. Msiioshe kwa maji, maana mtairudisha ndani. Kisha muache ukuta wazi. Hapa ndipo watu huchoka. Kipimo kinachotumika sana ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa tofali zima wa milimita 230 unaomba karibu miezi tisa, na masika ikiingia katikati unaomba zaidi. Kila chumvi ikichomoza, fagieni.

Ukuta ukishakauka, pigeni plasta ya chokaa na mchanga safi usio na chumvi, kipimo kimoja kwa vitatu, kwa tabaka nyembamba. Chokaa inapatikana nchini. Tororo ni jirani zenu na Kasese nako inachomwa. Vinyweleo vyake vinaruhusu mvuke kutoka, na ikijaa chumvi baada ya miaka inabanduliwa yenyewe bila kung'oa tofali. Ni laini kuliko simenti, itakwaruzwa na viti, na inataka fundi mvumilivu anayeilinda isikauke haraka. Inachoma ngozi na macho, kwa hiyo glovu na miwani si anasa. Juu yake pakeni rangi ya chokaa. Rangi ya mafuta isikaribie ukuta huo tena.

Na kama mkichimba msione DPC kabisa? Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa mashimo kwenye maungio ya chini, yakifuatana kila sentimita 12 hivi, na kujaza krimu ya silikoni. Krimu hiyo haizibi vinyweleo. Inabadili tabia ya kuta zake, zisipende maji tena, na mvuto ule wa kupandisha unageuka kuwa wa kusukuma chini. Ikifanywa vizuri kwenye ukuta wa matofali imara inasaidia sana. Kwenye ukuta uliojaa maji pomoni, au wenye nafasi tupu ndani, matokeo yake ni ya bahati. Ya pili ni kukata ukuta vipande vifupi vifupi na kuingiza DPC mpya. Ni ya uhakika, lakini msimpe fundi asiyewahi kuifanya: ukuta unaweza kushuka. Kwa vyovyote vile, usawa wa ardhi urekebishwe kwanza, halafu ukuta uangaliwe msimu mzima. Mara nyingi hizo pesa nyingine hazihitajiki.

Dawa ya kuzuia maji ina mahali pake: tangi, bafu, ukuta wa chini ya ardhi uliochorwa na mhandisi. Kwenye ukuta unaokunywa maji kutoka chini, inayahamisha tu.

Mwiteni mhandisi afike mwenyewe, bila kungoja, mkiona mojawapo ya haya: ufa mpana wa milimita 5 au zaidi, au ufa wa mshazari unaozidi kukua; matofali ya chini yanayomong'onyoka ukiyachokoa kwa msumari; soketi za umeme kwenye sehemu iliyolowa (hapo zimeni umeme wa chumba hicho leo); unyevu wenye harufu ya choo; au mkigundua kwamba matofali ya ndani hayakuchomwa, maana udongo mbichi ukilowa hupoteza nguvu. Muulizeni kama amesajiliwa na bodi ya usajili wa wahandisi, na asione haya kuonyesha. Mkitaka tofali na mchanga vipimwe, Kyambogo na Makerere wana maabara, na ya Wizara ya Ujenzi iko Kireka.

Mama ahame chumba hicho wiki hii, hata kama ni kulala sebuleni. Hewa ya kuvu huchokoza mapafu. Lakini msiseme "ni ukuta tu": kikohozi kilichofika wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, na kipimo hicho katika vituo vya afya vya serikali hakilipiwi.

Kuhusu harusi: ukuta hautakauka kufikia Desemba, na yeyote atakayewaahidi hivyo anawadanganya. Fanyeni kazi ya nje sasa, bandueni plasta ya ndani, fagieni, kisha wiki ya harusi pakeni matofali hayo maji ya chokaa moja kwa moja. Yatakuwa meupe, yataacha mvuke utoke, na Januari mtaendelea kufagia. Pazia lining'inizwe mbali kidogo na ukuta, makabati vilevile, upana wa kiganja, hewa ipite.